Maswali ya Wasomaji: Kisakinishi Kinapodai Hakuna Diski

Barua za safari hii zimetoka Lubumbashi na Kipushi, na zote zinahusu tatizo moja kwa sura tofauti: mtu anataka kusakinisha mfumo endeshi, anafika mahali pa kuchagua diski, na diski haionekani au haikubaliki. Tumezifupisha barua bila kubadilisha maana yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Katuba. Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa fotokopi. Kompyuta yangu mpakato, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, ilianza kukwama kwenye Windows, nikaamua isakinishwe upya. Fundi aliandaa fleshi na kazi ikaanza vizuri, lakini tulipofika mahali pa kuchagua diski, orodha ilikuwa tupu, na maandishi ya Kifaransa yakasema hakuna diski iliyopatikana. Fundi akaniambia diski imekufa, ninunue nyingine. Kinachonishangaza ni kwamba nikiitoa fleshi na kuwasha mashine, Windows ya zamani inafunguka, ingawa kwa taabu. Je, diski iliyokufa inaweza kufanya hivyo? Ndani yake mna kazi za wateja na hesabu za ofisi. (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama, shaka yako ina msingi. Diski iliyokufa haiwezi kuwasha Windows, kwa hiyo tafadhali usinunue nyingine kwanza.

Katika tatizo hili jambo la kuuliza kabla ya yote ni nani hasa asiyeiona diski, kwa maana kompyuta ina waonaji wawili. Wa kwanza ni BIOS, yaani programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote na kukagua vifaa vilivyounganishwa. Wa pili ni kisakinishi kilichomo kwenye fleshi. Ikiwa BIOS haiioni diski, kosa litafutwe kwenye waya, kwenye umeme au kwenye diski yenyewe. Ikiwa BIOS inaiona lakini kisakinishi hakiioni, basi kwa kawaida diski ni nzima, na kinachokosekana ni draiva, ile programu ndogo inayokiwezesha kisakinishi kuwasiliana na kidhibiti cha diski. Mafundi wengi huliruka swali hili na kukimbilia kubadilisha vifaa, na hapo ndipo fedha za wateja zinapopotea bure.

Ili kuingia kwenye BIOS, zima mashine kabisa, iwashe, na papo hapo bonyeza F2 mfululizo ikiwa ni Dell, Acer au Asus, au F10 ikiwa ni HP. Kwa Lenovo ni F1 au F2 kutegemea aina. Tafuta ukurasa wa maelezo ya mashine au wa uhifadhi, uangalie kama jina na ukubwa wa diski vimeandikwa. Kwa kuwa Windows yako bado inafunguka, utaikuta hapo.

Hukutaja aina ya mashine, lakini dalili zako zinafanana sana na za kompyuta zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, na za vizazi vilivyofuata. Kwenye nyingi kati ya hizo, diski ya SSD (isiyo na sahani za kuzunguka) ya aina ya NVMe, yaani ile ya kasi kubwa, huwekwa nyuma ya kidhibiti kinachoitwa VMD. Ni kama nyumba yenye mlinzi langoni: asiyejua lugha ya mlinzi atarudi akidai nyumba haina mtu. Windows iliyokuja na mashine ilipewa draiva ya VMD na mtengenezaji, ndiyo maana inaiona diski bila shida. Kisakinishi kwenye fleshi ya fundi wako huenda hakina draiva hiyo, au ni cha toleo la zamani kuliko mashine. Kukijua kizazi cha prosesa si kazi ngumu. Soma namba iliyo baada ya kistari katika jina lake: i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11, na i5-8250U ni ya kizazi cha 8.

Kabla ya kugusa chochote, Mama, nunua au azima diski ya nje, na maadamu Windows bado inafunguka, nakili humo kazi zote za wateja na hesabu za ofisi, kisha ifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba mafaili yanafunguka kweli. Nalitia mkazo jambo hili kwa sababu hatua nyingine zote zinaweza kurudiwa zikikosewa, lakini faili lililofutwa kwenye SSD mara nyingi halirudi. Wakati huohuo, angalia katika mipangilio ya Windows kama usimbaji wa BitLocker au usimbaji wa kifaa, yaani kufunga data za diski kwa ufunguo wa siri, umewashwa. Kompyuta nyingi mpakato hutoka zikiwa zimeuwasha bila mwenye mashine kujua. Ukiwa umewashwa, tafuta ufunguo wake wa kurejesha, wenye tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeianzisha mashine, uuandike kwenye karatasi. Kwa mashine iliyotumiwa na mtu mwingine Ulaya, akaunti hiyo inaweza kuwa ya mwenye mashine wa zamani, nawe usiweze kuupata ufunguo kamwe. Ndiyo maana kunakili kwanza ni lazima.

Baada ya hapo una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukipa kisakinishi draiva inayokosekana. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, andika aina kamili ya mashine, na upakue draiva ya uhifadhi ya Intel inayoitwa Rapid Storage Technology, au RST kwa kifupi. Ni faili dogo ukililinganisha na Windows yenyewe, kwa hiyo halitakula data nyingi za simu. Hapa ndipo wengi wanapokwama: faili linalopakuliwa huwa ni programu iliyofungwa yenye mwisho wa exe, na kisakinishi hakiwezi kuifungua. Lazima lifunguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye Windows. Ukilipata faili la Intel lenye jina SetupRST.exe, fungua dirisha la amri katika folda lilimo, uandike:

SetupRST.exe -extractdrivers RST

Itatokea folda iitwayo RST, na ndani yake utakuta mafaili kadhaa, likiwamo iaStorVD.inf, ambalo ndilo la VMD. Inakili folda hiyo nzima kwenye fleshi ileile ya Windows, kisha anza upya usakinishaji. Ukifika kwenye orodha tupu, chagua kitufe cha kupakia draiva, ielekeze kwenye folda hiyo, ukubali draiva inayojitokeza, na baada ya muda mfupi diski itaonekana.

Njia ya pili ni kumwondoa mlinzi langoni, yaani kuzima VMD ndani ya BIOS. Kwenye Dell utaikuta sehemu ya uhifadhi, ambapo unabadilisha kutoka RAID On kwenda AHCI/NVMe, yaani hali ya kawaida ambayo mfumo huiona diski moja kwa moja. Kwenye Asus bonyeza F7 kwanza ili kufungua mipangilio ya ndani, kisha utafute VMD. Kwenye Acer nyingi kipengele hicho kimefichwa, na hakijitokezi mpaka ubonyeze Ctrl na S kwa pamoja ukiwa kwenye ukurasa wa Main. Baadhi ya HP za nyumbani hazina kipengele hicho kabisa, na kwa hizo njia ya kwanza ndiyo pekee. Kwa mashine yenye diski moja, kuzima VMD hakukunyimi kitu cha maana, kwa kuwa RAID ni mpango wa kuunganisha diski zaidi ya moja.

Ila njia hii ina hatari moja ambayo lazima uijue. Ukizima VMD huku ukiwa bado unaihitaji Windows ya zamani, Windows hiyo itagoma kufunguka na kuonyesha skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, na ikiwa BitLocker imewashwa, unaweza kudaiwa ule ufunguo wa tarakimu 48. Ukiona hivyo usishtuke. Rudisha mpangilio wa BIOS ulivyokuwa, na Windows itarudi. Kwa hali yako, ambapo kuna kazi za wateja ndani na Windows ya zamani bado inapumua, mimi ningechagua njia ya kwanza, na hii ya pili ningeiacha kwa mashine ambayo haina kitu cha kupoteza.

Wanaosakinisha Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, nao wakumbuke jambo hili. Kwenye baadhi ya kompyuta za Intel, hasa zilizotoka na mpangilio wa RST pamoja na Optane (kumbukumbu ya Intel ya kuharakisha diski), Linux haiioni diski ya NVMe hata kidogo, na kisakinishi cha Ubuntu kinaweza kukuambia uizime RST kwanza. Kwao hakuna draiva ya kuongeza kwenye fleshi. Wabadilishe mpangilio uwe AHCI.

Neno moja kuhusu fundi wako. Simhukumu, kwa sababu ujumbe wa kisakinishi unapotosha. Lakini fundi anayetangaza kifo cha diski anapaswa kukuonyesha ushahidi. Kila diski ya kisasa huweka kumbukumbu ya afya yake iitwayo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huisoma kwa sekunde chache ikiwa Windows inafunguka. Mwombe akuonyeshe kumbukumbu hiyo kabla hujatoa hata faranga moja.

SWALI: Mimi ni mwalimu huko Kipushi. Shule yetu ilipewa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika. Tunataka kuziwekea Linux. Kwenye baadhi, BIOS yenyewe haionyeshi diski yoyote. Kwenye moja, diski inaonekana siku moja na kesho yake mashine inasema hakuna kitu cha kuwashia. Tufanye nini bila bajeti? (Mwalimu, Kipushi)

JIBU: Mwalimu, wewe una faida ambayo Mama wa Katuba hana, nayo ni mashine nyingi zinazofanana. Kila kifaa unachokitilia shaka unaweza kukijaribu kwenye mashine nzima iliyo pembeni, na kwa namna hiyo utapata jibu bila kununua chochote.

Chomoa kabisa waya wa umeme, fungua kasha, uiangalie diski. Ina nyaya mbili: mwembamba wa data, wenye pini 7, unaokwenda kwenye ubao mama, na mpana wa umeme, wenye pini 15, unaotoka kwenye pawa saplai. Chomoa zote mbili na uzirudishe kwa kuzisukuma mpaka mwisho, kwa maana baada ya safari ndefu ya lori hadi Kasumbalesa na kutoka hapo mpaka kwenu, waya uliolegea ni jambo la kutarajiwa. Vumbi jekundu la kiangazi nalo huingia kwenye viungo, kwa hiyo lipeperushe kwa hewa kavu, lakini usilipulizie kwa mdomo, kwa sababu mate huleta kutu. Diski ikiwa bado haionekani, badilisha waya wa data, kisha hamia tundu jingine kwenye ubao mama, kisha ihamishie diski kwenye mashine nzima. Ikionekana huko, diski haina kosa, na unabaki na waya, tundu au pawa saplai.

Iguse diski kwa upole sekunde chache baada ya kuwasha. Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 inapaswa kutetemeka kidogo, kwa kuwa mota yake huendeshwa na umeme wa volti 12. Diski isiyotetemeka kwenye mashine moja lakini inatetemeka kwenye nyingine inakuelekeza kwenye pawa saplai ambayo njia yake ya volti 12 imekufa, na jambo hilo si geni mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Diski inayogonga kwa mlio wa kurudiarudia, tak, tak, tak, ina ugonjwa wa ndani. Ikiwa ndani yake mna data mnazozihitaji, izimeni mara moja na msiendelee kuijaribu, kwa sababu kila jaribio linaweza kukwaruza sahani zake.

Kuhusu ile inayoonekana leo na kupotea kesho, uliza kwanza kama jioni mnachomoa umeme wa chumba kizima. Kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya duara yenye maandishi CR2032, ya volti 3, ambayo kwenye mashine nyingi za umri huo ndiyo inayotunza mipangilio ya BIOS na saa wakati hakuna umeme. Betri hiyo ikiisha, kila umeme unapochomolewa BIOS husahau kila kitu: tarehe inarudi nyuma miaka mingi, mpango wa kuwasha unabadilika, na hali ya SATA (muunganisho wa diski na ubao mama) mliyoiweka kuwa AHCI inaweza kurudi kwenye IDE, hali ya kizamani, au RAID. Angalia tarehe asubuhi mashine inapowashwa. Ikiwa si ya leo, tatizo mmelipata, na betri hiyo huuzwa hata na mafundi wa saa. Wekeni betri mpya, pangeni AHCI, na ndipo msakinishe Linux.

SWALI: Nilinunua SSD ya GB 512 ya umbo la M.2 hapa Kampemba, nikaiweka kwenye kompyuta yangu mpakato. Imeingia vizuri na skrubu imefunga, lakini si BIOS wala kisakinishi kinachoiona. Muuzaji anasema ni nzima. (Msomaji, Kampemba)

JIBU: Huenda muuzaji anasema kweli. M.2 ni jina la umbo tu, na ndani ya umbo hilo kuna diski za aina mbili zisizobadilishana: zinazotumia SATA na zinazotumia NVMe. Baadhi ya kompyuta hukubali zote mbili, nyingine hukubali moja tu. Namba 2280 iliyoandikwa juu yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, kwa hiyo haikuambii aina. Tazama upande wenye meno ya dhahabu. Diski za SATA kwa kawaida zina mikato miwili, na nyingi za NVMe zina mmoja; hata hivyo, lebo ndiyo ya kuaminiwa zaidi kuliko mikato. Soma kwenye tovuti ya mtengenezaji ni aina gani tundu lako linakubali, kisha umwombe muuzaji akubadilishie, na umtake aijaribu mbele yako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Diski yangu inaonekana vizuri, lakini Windows inakataa kusakinishwa na kusema ina jedwali la MBR. Nilijaribu kufuata maelekezo ya diskpart, amri ya Windows ya kupanga diski, lakini kila ninapoliandika neno hilo kompyuta inasema amri haijulikani. (Mwanafunzi, Lubumbashi)

JIBU: Nianze na amri yako, kwa sababu nadhani naijua siri yake. Kibodi yako bila shaka ni AZERTY, na kwenye skrini ya kwanza ya kisakinishi iliachwa kibodi ya Kimarekani. Ukibonyeza kitufe chenye A, mashine inasikia Q, na neno lako linakuwa diskpqrt. Rudi kwenye skrini ya kwanza uchague kibodi ya Kifaransa, au ubonyeze Q kila unapotaka A.

Kuhusu MBR, hilo ni jedwali la zamani linaloonyesha jinsi diski ilivyogawanywa, na GPT ni la kisasa. Umewasha fleshi kwa njia ya UEFI, yaani njia mpya ya kuwasha mashine, na kwa njia hiyo Windows hukubali jedwali la GPT tu. Ndani ya kisakinishi bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list disk. Hapo kuwa makini sana, kwa kuwa fleshi nayo imo katika orodha. Itambue diski kwa ukubwa, ukikumbuka kwamba diski inayouzwa kuwa ya GB 500 huonekana kama GB 465, na fleshi ya GB 16 huonekana kama GB 14. Ikiwa diski yako ni namba 0, andika select disk 0, kisha clean, kisha convert gpt. Amri ya clean haikuulizi kama una hakika. Inafuta jedwali lote papo hapo, kwa hiyo usiiandike kabla ya kuwa na nakala ya mafaili yako.

Ikiwa diski ina Windows 10 inayofanya kazi na hutaki kuifuta, funga kisakinishi, fungua Windows hiyo, na katika dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ukijibiwa kwamba ukaguzi umefaulu, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate, kisha uingie kwenye BIOS na kuchagua kuwasha kwa UEFI. Ikigoma kwenye ukaguzi, hesabu patisheni kuu (sehemu kuu ambamo diski imegawanywa) zilizomo, kwa maana amri hii haikubali zaidi ya tatu.